Chupa Iliyofungwa Kamba ya Mgomba

Mimi si mnywaji. Nililelewa na mama Mlutheri ambaye hata mbege, pombe yetu ya ndizi, ya ubatizo aliiona ni mlango wa jehanamu, kwa hiyo nilifika umri wa miaka ishirini na sita bila kujua bia inanunuliwaje. Nilikuja kujifunza ndani ya wiki moja, miaka michache baada ya vita vya Uganda, wakati hata sabuni ya kufulia ilikuwa ikiulizwa kwa kunong'ona. Nilijifunza kwa sababu baba yangu alikuwa anakufa, na alitaka kunywa na kaka yake kabla hajafa.

Kaka yake, baba mkubwa wangu, alikaa ng'ambo ya mstari wa masale, hatua kama thelathini kutoka mlangoni petu. Masale ni mimea tunayopanda mpakani mwa kihamba na kihamba, yaani mashamba ya ukoo, na jani lake ndilo mtu hulipeleka anapoomba msamaha. Kwa miaka kumi na saba hakuna aliyeuvuka mstari ule. Binti yake wa kwanza, aliyelingana nami umri, alikuja kwetu siku moja mchana akanywa maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu cha mama. Jioni akaanza kutapika, na kesho yake alfajiri akafa. Mimi niliyanywa maziwa hayo hayo nikaamka salama. Baba mkubwa hakumshitaki mtu wala hakutukana. Aliacha tu kula kwetu, na huku mlimani mtu akiacha kula kwako amekwisha kukuambia anachokudhania.

Hospitali walimrudisha baba nyumbani na uvimbe wake tumboni. Walisema ni suala la wiki, na hawakusema ngapi. Siku ya pili tu alimwita mzee wa kanisa, akampa jani la isale alipeleke kwa kaka yake. Kwa desturi yetu isale haikataliwi. Mzee alirudi na jibu: "Atakuja Jumapili baada ya ibada. Ila anasema pombe ya kupikwa hapa hanywi. Mtafute ya chupa."

Nilicheka. Baba mkubwa alikuwa amefanya kazi reli kwa miaka mingi, bado alikuwa akivaa koti la kazini hata kanisani, nikadhani ni majivuno ya mtu wa stesheni anayetaka bia kama bwana mkubwa. Baba hakucheka. Alisema chupa mbili zinatosha, moja ya kaka yake na moja yake, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Leo naielewa vizuri. Chupa imefungwa kiwandani, mbali na mikono yetu. Laiti angenieleza kwa maneno mawili, lakini ni mzazi gani anayeweza kumwambia mtoto wake kwamba ndugu yake anamwogopa hivyo?

Nilikuwa karani wa kupiga chapa mjini Moshi, nimepanga chumba mtaa wa Soweto. Jumatatu nikaenda duka la serikali, lile pekee lililokuwa na ruhusa ya kuuza bia kwa jumla na rejareja. Foleni yake ilianza na mawe. Watu waliweka jiwe, tofali, sufuria iliyotoboka, kisha wakaenda zao kutafuta unga kwenye foleni nyingine, na ole wako uruke tofali la mtu. Ndani kulikuwa na kaunta yenye wavu, picha ya rais, na ubao mweusi wenye majina ya bidhaa na bei zake kwa chaki nzuri kabisa. Mbele ya kila jina waliandika "Hakuna." Bia peke yake ndiyo haikuandikiwa kitu, na hapo ndipo matumaini yangu yalipotundikwa.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, amechomeka kalamu kwenye nywele, anafuma sweta. Nikamsalimia, nikaomba bia mbili.

"Chupa tupu ziko wapi, ndugu?"

Sikuwa nazo. Hakukuwa na bia bila chupa tupu, na chupa tupu unazipata kwa kunywa bia. Nilirudi Soweto nikapita mlango kwa mlango nikiomba chupa, msichana wa kwaya mimi, na jirani mmoja akanipa mbili huku akisema alijua tu siku moja nitachoka na soda. Jumanne nikaweka jiwe langu, nikangoja mpaka saa nane, nikatoa chupa.

"Kibali cha katibu wa tawi?"

Jumatano nikaja na kibali cha tawi la chama, kimegongwa mhuri mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wino ulikuwa hafifu. Aliweka sweta chini. Nilimshukuru moyoni kwa kuliweka sweta chini. Alisoma, akageuza nyuma, akasoma tena.

"Shughuli gani hii? Hapa hujajaza."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, nikiwa nimeegemea wavu, watu nyuma yangu wakisikiliza: baba, uvimbe, kaka yake, Jumapili. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia.

"Kuna harusi, kuna msiba, kuna mgeni wa serikali," akasema. "Upatanisho haumo."

Wakati nimesimama pale, dereva mmoja alipita pembeni, akapenyeza kimemo chini ya wavu. Hakikuwa kikubwa kuliko tikiti ya basi. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akatoka na kreti nzima begani, chupa zikigongana. Kwenye ubavu wa kreti kulikuwa na mstari wa rangi nyekundu. Nilitamani kulia, nikaona haya mbele za watu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, na baba yangu tumbo lake lilikuwa tayari linaumia.

Ninapokasirika hukumbuka mambo ya haki pia, na haki ni hii: katika duka lile bei ilikuwa moja kwa wote waliouziwa, na bia ikitoka, imetoka na kizibo chake vilevile ilivyozibwa. Shida ilikuwa kwamba haitoki. Kama una jina, inatoka. Mimi nilikuwa na haja tu.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini nikaenda Himo. Pale njia panda kila mtu alijua duka la kwenda, na kila mtu alijifanya hajui. Mbele waliuza vibiriti, kanga mbili tatu, na biskuti zilizolainika. Nyuma, kulikuwa na pazia la gunia. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Sijamaliza kumwamkia, nimewekewa kigoda. Sijakaa vizuri, nimepewa chai, tena yenye sukari, katika miaka ambayo sukari ilikuwa inatolewa kwa kijiko kama dawa.

"Meku, mzee wako, anaumwa sana?" akauliza nilipomweleza. "Pole, mwanangu. Hilo ni jambo la kufanya haraka."

Hakutaka kibali wala chupa tupu. Alitaka bei mara tatu ya ile ya ubaoni, akaitaja kwa huruma, kana kwamba naye inamuuma. Akafunua gunia. Chini yake kulikuwa na kreti, ubavuni ina mstari wa rangi nyekundu. Nikamwuliza zimetoka wapi.

"Kiwandani, mwanangu. Zingetoka wapi tena?"

Kwa hiyo ilikuwa bia ile ile. Iliingia mlango wa mbele wa duka la serikali kwenye lori, ikatoka mlango wa nyuma kwa kimemo, ikapanda bei njiani, ikafika kwenye pazia la gunia kunisubiri mimi. Nilikaa na kikombe changu nikawachukia wote wawili, yule mwenye sweta na huyu mwenye chai, ila huyu wa chai nilimchukia kwa adabu.

Zilikuwa zimebaki mbili tu zisizo na mwenyewe. Moja ilikuwa safi. Ya pili karatasi yake ilikuwa imechanika nusu, na miezi ile kila mtu alikuwa na habari ya watu waliojaziwa vitu vingine kwenye chupa, wakapofuka. Nilipoigeuza geuza kwenye mwanga, yule mama alitabasamu.

"Moyo wako una wasiwasi. Tuifungue uonje. Kule kwa serikali watakufungulia?"

Wasingenifungulia, kweli. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Kwetu anayetoa pombe huionja kwanza. Mwenye nyumba hupiga funda moja, kisha ndipo kata huenda kwa mgeni, ili kila mtu aone kwamba hakuna kilichotiwa. Hata mtoto anaijua kanuni hiyo. Nikasema moyoni, mtoaji ni nyumba yetu, na mimi ni mtoto wa nyumba hiyo, basi acha nionje. Akaifungua. Nikapiga funda la kwanza la bia maishani mwangu, chungu, lenye povu, nikatikisa kichwa kama mjuzi. Ni nzuri, nikasema. Akakirudisha kizibo, akakigonga kwa mchi mdogo wa kusagia viungo, taratibu, pigo moja kila upande, mpaka kikakaa kama hakikuguswa.

Nilijua bia iliyofunguliwa inakufa povu. Kwa hiyo nikapanga: hii ni ya baba, ambaye hata hivyo atagusa tu midomo, na ile safi ni ya mgeni. Njiani kupanda nyumbani nikachuma kipande cha kamba ya mgomba, nikaifunga shingoni mwa ile ya baba nisije nikazichanganya. Nilifunga vizuri, kwa fundo zuri. Sikumwambia mtu. Niliona aibu kwamba kwa bei ile nimeleta chupa iliyoguswa, nikasema nitazifungua mwenyewe mezani na hakuna atakayejua.

Jumapili baba alinyolewa na mama, akavalishwa shati jeupe lililomzidi, akaketishwa kwenye kiti cha mbao mlangoni ili aone masale. Ibada ilipokwisha baba mkubwa akaja. Alisimama mbele ya mstari ule kitambo, kama mtu anayepima kina cha mfereji, kisha akavuka. Alikuwa na lile jani la isale mkononi. Baba alijaribu kusimama ikashindikana. Hawakukumbatiana. Baba mkubwa aliweka jani mezani, akakaa, akasema, "Umekonda." Baba akasema, "Ndiyo, nimekonda." Nilidhani huo ndio mwisho wa miaka kumi na saba, nikafurahi.

Niliweka chupa mbili kwenye kitambaa cheupe, na kifungulio katikati. Mama akaniita jikoni, mtori unafurika. Nikasema nakuja mara moja. Nilikuwa nimeinama kwenye moto, nakoroga, niliposikia kiti kinasukumwa nyuma.

Nilipoingia baba mkubwa alikuwa amesimama. Mkono wa kushoto ameshika chupa yenye kamba. Kifungulio kilikuwa bado mezani. Kizibo kilikuwa kwenye kiganja chake cha kulia. Alikuwa amekisukuma kwa dole gumba tu, kikatoka bila sauti yoyote.

Baba ndiye aliyempa ile, kwa mikono miwili. Aliona moja imefungwa kamba, imepambwa, na nyingine haina kitu, akadhani nimempambia mgeni.

"Hii imefunguliwa," baba mkubwa akasema.

"Ni mimi, baba mkubwa. Niliionja dukani, niliogopa isiwe mbaya."

"Uliionja mbele ya nani?"

Mbele ya mwanamke wa Himo na kikombe cha chai. Kuonja kusikoonwa na mnywaji ni kunywa tu.

"Na kamba hii?"

"Ya kutofautisha."

"Ya kujua ipi ni yangu."

"Hapana, baba mkubwa. Hiyo ilikuwa ya baba."

"Mbona imenijia mimi?"

Baba alisema, kwa sauti ndogo, kwamba alidhani ni ya heshima. Baba mkubwa akaiweka chupa mezani bila kumwaga tone, akaweka na kizibo pembeni yake. Ile ya pili, safi, ilikuwa hapo hapo na kizibo chake cha kiwandani, lakini ni nani angeitazama tena? Akatoka. Jani la isale hakulichukua. Alipovuka masale hakugeuka, na mama alikuwa ameshika mwiko mlangoni akisema jina la Mungu tena na tena.

Baba akaivuta ile chupa. Mama alimzuia, daktari alikuwa amemkataza hata chai kali. Akainywa yote, taratibu, akipumzika katikati, jasho likimtoka kwenye kipara kilichonyolewa asubuhi ile. Alipomaliza akaniambia, "Kesho nenda kwenye masale umwambie nimeamka." Ile ya pili akaagiza iwekwe chini ya kitanda chake. Ni ya kaka, akasema, isiguswe.

Nikaomba likizo. Kila asubuhi nilisimama kwenye masale nikasema kwa sauti, "Baba mkubwa, shikamoo. Baba ameamka." Hakunijibu, lakini kuanzia siku ya tatu nilimkuta ametoka nje kabla sijafika, anajifanya anakata majani ya ng'ombe. Siku ya sita aliuliza, bila kuniangalia, kama anakula. Nikamjibu anakula kidogo. Nilirudi ndani nikikimbia kumpa baba habari hiyo. Alifumba macho akatabasamu, akasema nisimharakishe, atakuja mwenyewe.

Siku ya tisa baba hakuamka.

Nilikwenda kwenye masale hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimezoea, na baba mkubwa alikuwa amesimama na panga lake na mzigo wa majani. Aliangalia uso wangu akaelewa. Mimi nikaelewa pia, kwenye uso wake, hesabu aliyokuwa anaipiga: ndugu yake amekunywa ile iliyokuwa yake, na sasa amekufa. Siku tisa. Sumu za polepole alizisikia tangu utoto, kama sote. Baba aliinywa ili kuonyesha kwamba ni safi, na ugonjwa ukamchukua kabla ushahidi wake haujakamilika.

Nilishuka Moshi kutafuta vitu vya msiba. Nikaenda duka la serikali na karatasi ya tawi, sikuweka hata jiwe, watu walinipisha walipoona kitambaa kichwani. Yule mama aliliweka sweta chini.

"Pole sana, ndugu. Kwa msiba ni kreti mbili. Chupa tupu utaleta mkishamaliza."

Zikatoka, na mstari wake mwekundu, kwa bei ya ubaoni. Zilikuwa baridi kidogo. Nilizipakia kwenye gari la jirani, na kwa mara ya kwanza tangu baba afe nikalia, pale pale mbele ya duka, kwa hasira tupu. Alikuwa nazo. Alikuwa nazo Jumatatu na Jumanne na Jumatano. Kilichopungua ni baba kufa.

Ukoo ukanywa bia hiyo. Baba mkubwa hakuvuka. Udongo wa kwanza, ambao ni wake kumtupia mdogo wake, alitupa binamu. Jioni nilimfuata mpakani.

"Ulisema uliionja," akasema.

"Niliionja."

"Basi tutaona."

Nikawa ninaishi huku natazamwa. Kila Krismasi nilipopanda nyumbani nilimkuta kwenye masale, mzee zaidi, koti la reli limekuwa kubwa. Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnadani, kisha akarudi ndani. Nikipata homa mjini nilikuwa naogopa mara mbili: naogopa homa, na naogopa kwamba nikifa nitakuwa nimemthibitishia. Niliolewa, nikazaa, nikanenepa. Wakati huo biashara zikaachiwa huru. Bia zikapangwa madirishani kwa kila mwenye duka, hata pale Soweto, na kwenye duka la serikali wakafuta ubao, wakabaki na mifuko ya mbolea na majembe. Pazia la gunia kule Himo likawa dirisha la kioo. Sikununua hata moja.

Krismasi ya nne alivuka. Nilikuwa nafagia kaburini kwa baba. Sikumsikia mpaka kivuli chake kilipofika kwenye ufagio.

"Bado upo," akasema.

"Nipo, baba mkubwa. Shikamoo."

Hakuitikia. Alitazama kaburi, akatazama mikono yangu.

"Na yale maziwa," akasema. "Wewe nawe uliyanywa."

"Niliyanywa."

Taya zake zilikuwa zinasogea kama za mtu anayetafuna kitu kigumu. Halafu akaniuliza ile nyingine iko wapi.

Ilikuwa chini ya kitanda, mama hakuwahi kuihamisha, alikuwa akifagia kuizunguka. Nikaileta na kifungulio. Aliifungua mwenyewe, na baada ya miaka yote ile ikatoa mlio mdogo, mfupi, kizibo kikaanguka kwenye majani. Nikanyoosha mkono niipokee, kwa kuwa mimi ndiye mtoaji, ili nipige funda langu mbele ya macho yake, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo.

"Usionje," akasema.

Akainywa yeye, amesimama miguuni pa ndugu yake. Lazima ilikuwa imeharibika, niliona macho yake yanatoa machozi, lakini hakuitua mpaka ikaisha. Kisha akanipa chupa tupu, nami nikabaki nimeishika.